Filamu Niliyoitetea Bila Kuiona

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, tena nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Nawaandikia ninyi wa kundi letu la filamu za zamani kwanza, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana Kigoma habari hutembea haraka kuliko boti. Isitoshe, nina jambo la kuungama kwenu. Msiruke kwenda mwisho. Someni taratibu, kama nilivyoangamia taratibu.

Asubuhi nilikuwa Kagunga. Nilikaa pale wiki tatu kwa mvuvi mmoja, nikimsaidia kuanika dagaa. Nikaamka, nikapiga mswaki, nikaona boti ya abiria inapakia, nikachukua begi langu nikapanda. Huo ndio ulikuwa mpango mzima. Mwenyeji wangu akapaza sauti kutoka ufukweni:

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nitajua nikifika!"

(Wenzangu mna ramani. Mimi nina miguu.)

Kule ziwani mtandao unakuja vipandevipande. Kwenye kipande kimoja nikafungua simu, nikakuta mmenichokoza tena kuhusu ile filamu ya fundi saa. Jina lake la Kizungu mnalijua, na kwa wageni wa kundi nitaeleza kwa ufupi. Ni filamu ya miaka ya themanini. Fundi anatengeneza saa kubwa ya mnara wa stesheni. Kupitia tundu lililo chini ya namba sita, kila siku saa kumi, anamwona mwanamke aliyevaa koti la mvua la njano akikaa kwenye benchi lilelile na sanduku dogo. Siku moja fundi anashuka kwenye ngazi, anaanza kumfuata. Balaa linaanzia hapo.

Filamu hii imetugawa. Nusu yenu mnasema mtengenezaji ni mwizi, ameiba kila kitu kutoka filamu za mashaka za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe: ngazi za kuzunguka, vinanda vinavyolia kama mlango mbovu, mwanamke mwenye sura mbili, mtu anayeona asichopaswa kuona. Nusu nyingine mnasema afadhali angekuwa mwizi tu, tatizo ni kwamba filamu yenyewe ni ya chumbani, imevalishwa koti la upelelezi ili ipite mlangoni.

Na mimi, peke yangu, kwa miaka miwili, nimekuwa wakili wake.

Leo asubuhi, juu ya maji, niliandika maneno haya, na najua mmeyahifadhi: "Hakuna hata busu moja mle ndani. Nyie ndio mna akili chafu."

Mmoja wenu akaniuliza kwa upole, "Kaka, hivi tuliangalia filamu moja kweli?"

Nikamjibu: "Nimeiona mara nne. Naijua kuliko kiganja changu."

Kipande cha mtandao kikaisha. Nikabaki natabasamu na ziwa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilishuka Kibirizi. Pale ufukweni palikuwa na fundi anachonga mbavu za mtumbwi mpya, na pembeni yake ameegemeza ubavu wa mtumbwi mkuukuu, anapima, anachonga, anapima tena. Nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia. Nikamuuliza kwa nini asipime kwa futi. Akasema, "Huu wa zamani ulibeba watu miaka ishirini na haukumwaga mtu. Futi imebeba nani?" Nikataka kumkumbatia. Ndiyo hoja yangu kuhusu mtengenezaji wa filamu yetu! Hakuiba. Aliegemeza ubavu wa wazee wake pembeni, akachonga wake. Hoja hiyo nikaiweka akilini nije kuwapiga nayo jioni.

(Jioni ndiyo hii. Anayepigika ni mimi.)

Nikatembea. Nikapita mjini, nikaendelea na barabara ya Bangwe kwa sababu sikuwahi kufika na kwa sababu mama mmoja muuza mawese aliniambia kule kuna vyumba vya kupanga vyenye upepo. Nilipofika nikaona jengo la mabati lenye kibao cha chaki: BANDA LA VIDEO, NA VYUMBA NYUMA. Vitu viwili ninavyovipenda duniani, chini ya paa moja.

"Hodi."

"Karibu, ila kama unauza sinunui, na kama unaomba sina."

Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye benchi la mbele kabisa, sanduku la sidii mapajani, anazifuta moja moja kwa ncha ya kitenge.

"Shikamoo mama. Natafuta chumba."

"Marahaba. Chumba kipo. Leo sina akili ya vyumba. Njoo kesho."

Mtu mwingine angeondoka. Mimi udadisi ndio ulionitoa shuleni darasa la tano, hauwezi kunitoa mlangoni. Nikauliza kulikoni. Akanitazama, akaona sura isiyo na madhara (hapo alikosea), akaeleza.

Jina lake Mama Bahati. Binti yake, Bahati, kapata mchumba, kijana mzuri aliye kazini Uvinza. Lakini baba wa kijana, Mzee Ntabaye wa Ujiji, ameambiwa na watu kwamba familia hii inakula kwa kuonyesha video za uchafu. Akatuma ujumbe: kabla ya barua ya posa kuandikwa, atakuja mwenyewe, akae kwenye benchi kama mteja, aone filamu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anakuja leo, saa nane. Na mtafsiri wa banda kaondoka tangu jana, kaenda msibani Kasulu na begi lake lote la filamu nzuri.

"Nimebakiwa na haya makorokoro," akasema. "Na hata nikipata ya heshima, nani ataitafsiri? Wateja wangu hawaangalii filamu bubu."

Basi mkono wangu ukaingia sandukuni wenyewe. Ukatoka na jalada lililoliwa na panya nusu ya chini. Nusu ya juu: ngazi za kuzunguka, na mgongo wa mwanamke. Koti la njano.

Ndugu zangu, moyo uliruka.

"Mama," nikasema, "Mungu hakutupi. Hii hapa."

"Hii ina adabu?"

"Ni habari ya mtu anayemtafuta dada yake."

"Dada yake?"

"Walipotezana utotoni. Mjomba mwovu alimchukua binti kwa tamaa ya urithi. Kaka akawa fundi saa, akamwona dada kwa mbali, akawa anamfuata bila kusema neno, mpaka apate uhakika. Mimi niliwahi kulia."

"Uchawi haumo?"

"Haumo."

"Na mambo ya..." Akashusha sauti, akatazama mlangoni. "Yale."

"Hata busu hamna."

"Unaapa?"

"Naapa. Na nitaitafsiri mwenyewe, naijua yote."

(Mnaona? Sikusukumwa na mtu. Shimo nilichimba, nikalifagia, nikaweka na mkeka.)

Mama Bahati akasimama. "Ukiniokoa leo, chumba kile cha pembeni ni chako mwezi mzima. Ukinitia aibu mbele ya wakwe zangu..." Hakumalizia. Aliangalia tu mwiko uliokuwa umechomekwa ukutani.

Sasa niwaeleze nilivyoijua filamu hii, maana hapa ndipo ungamo lilipo. Niliiona Kasulu nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye banda la mzee mmoja wa kanisa. Palikuwa na mtafsiri tuliyemwita Profesa, anayezungumza juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Habari zote za dada, mjomba na urithi nilizipata kwake. Na kila baada ya muda, mzee wa kanisa alikuwa anainuka, anasimama mbele ya runinga na kanzu yake pana, anasema, "Samahani wanangu, waya umelegea," anahangaika huko, na akitoka tunakuta filamu imesogea. Nilimwonea huruma sana yule mzee kwa waya wake.

Ilinichukua miaka zaidi ya ishirini, mpaka leo saa tisa alasiri, kujua ule waya ulikuwa nini.

Saa nane wageni wakafika. Mzee Ntabaye ni mrefu, mwembamba, amevaa koti kwenye joto lile na kofia ameiweka gotini. Amekuja na dada yake, ambaye wote walimwita Shangazi, mama mnene wa vitenge vitatu, mwenye uso wa mtu anayezuia kicheko kama wengine tunavyozuia chafya. Mzee ni wa kizamani kwenye mambo ya ukwe: hakai benchi moja na mama wa binti, hamtazami usoni, wala haongei naye moja kwa moja. Mama Bahati alikuwa hatua mbili kutoka kwake, lakini Mzee alisema:

"Shangazi, mwambie mkwe wetu banda lake ni safi."

"Anasema banda ni safi," Shangazi akapeleka.

"Mwambie ashukuriwe," Mama Bahati akajibu huku anatazama mabati.

Nyuma yao walijaa wateja wa kila siku, kama watu kumi na watano, wakiongozwa na muuza samaki mmoja mwenye sauti ya boti. Bahati mwenyewe alikuwa uani anakaanga samaki, migebuka ya ziwani, haruhusiwi kuonekana ovyo. Lakini sufuria ilikuwa kimya mno. Najua alikuwa ameweka sikio ukutani.

Nikashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, wakwe watukufu! Filamu ya leo inahusu damu! Damu ya ndugu! Mtu na dada yake!"

Mzee akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Mama Bahati akapumua. Nikajiona nimeshakabidhiwa ufunguo.

Dakika za mwanzo nilikuwa moto. Fundi yuko mnarani, mimi nasema, "Ee dada yangu, uko wapi, nyama ya mifupa yangu?" Mwanamke anaketi benchini, mimi nasema, "Laiti kaka yangu angekuwa hai!" Shangazi akatoa leso. Kiingereza changu kinatosha kuagiza chai, kwa hiyo sikuwasikiliza waigizaji hata kidogo. Niliwasaidia.

Ufa wa kwanza ukaja pale mwanaume wa pili alipotokea, yule tuliyefundishwa ni mjomba. Mwanamke yuko mbele ya kioo. Mjomba anakuja nyuma yake, anamfunga zipu ya gauni. Taratibu. Kisha anambusu bega.

Kipande hicho sikukikumbuka.

"Mjomba," nikasema, "anamsaidia mpwa wake kuvaa. Kwao ni desturi."

"Desturi ya wapi?" muuza samaki akauliza.

"Ya kwao."

"Na bega?"

"Wanasalimiana begani."

Shangazi akageuka akamtazama kaka yake. Mzee alihamisha kofia kutoka goti la kulia kwenda la kushoto.

Filamu ikaendelea, na kila ilipoendelea nilizidi kugundua kwamba ni ndefu. Ile ya Kasulu haikuwa ndefu hivi! Vipande vilikuwa vinatokea kama ndugu wa marehemu siku ya kugawana mali: wewe nani, na wewe nani, ulikuwa wapi siku zote? Tukafika kwenye kivuko. Usiku, ukungu, fundi na mwanamke wamesimama ubavuni mwa chombo. Hapa ndipo mzee wa kanisa alipokuwa anainuka kwenda kurekebisha waya. Leo hakuna aliyeinuka. Waya ulikuwa mzima.

"Hatimaye!" nikapaza sauti, maana nilikumbuka huu ndio wakati Profesa alipotutoa machozi sote. "Kaka anamtambua dada! Dada! Kaka! Damu nzito kuliko..."

Wakabusiana.

Si begani.

Nilisikia hata mafuta ya migebuka uani. Wakaendelea kubusiana, jamani, kama watu wanaolipwa kwa saa.

"Anampa pumzi," nikasema. "Dada amepaliwa. Ni hewa ya baharini."

"Mbona na yeye anavuta?" muuza samaki akauliza.

"Wanapeana kwa zamu."

"Yebabawe!" bibi mmoja wa nyuma akashika kichwa. "Mtu na dada yake!"

Neno hilo likapita bandani benchi kwa benchi. Mtu na dada yake. Mtu na dada yake. Maneno yangu mwenyewe, niliyoyatangaza kwa spika mbili. Mzee Ntabaye alikuwa anatazama mabati. Mama Bahati alikuwa anatazama mabati. Mtu angeingia wakati ule angedhani paa linavuja.

Nikaomba kipande kiishe. Kikaisha. Kikaja kibaya zaidi.

Chumba. Taa moja. Koti la njano likaanguka sakafuni, na ndani ya lile koti, ndugu zangu, hapakuwa na nguo nyingine.

Mama Bahati aliruka. Sijawahi kuona mtu wa umri ule anaruka vile. Alifungua kitenge chake cha juu hewani, akakitandaza mbele ya runinga, akasimama amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi. Mimi nikaivamia rimoti nibonyeze pa kuruka mbele. Rimoti ile maandishi yamefutika. Nilichokibonyeza ilikuwa sauti.

Ikapanda.

Nawaomba mfikirie. Vinanda vinalia. Mtu anahema kwenye spika mbili. Na mwanga wa runinga unapenya kitengeni, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kwa kivuli, kikubwa kuliko awali, katikati ya picha za tausi zilizochapwa kwenye kitenge. Na kivuli ni kibaya kuliko picha, kwa sababu kinakuachia umalizie mwenyewe. (Katikati ya kuangamia nikaelewa wale wazee wa filamu nyeusi na nyeupe: kile walichokifunika ndicho kilichowatesa watu. Niliona niwape hilo, hata kama mnanicheka.)

Na bado nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Mdomo wangu, kwa mazoea, peke yake, bila ruhusa yangu, ukasema:

"Ee dada yangu."

Mzee Ntabaye akasimama.

Alisimama polepole, akavaa kofia. Uani sufuria ikaanguka. Nikajua ndoa ya watu imekwisha, na nimeiua mimi, mtu niliyeingia kuulizia chumba. Mama Bahati hakugeuka. Alibaki pale na kitenge chake, machozi yanamtiririka, hakiachii.

Mzee hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye spika, akazungusha kitufe mpaka sauti ikafa. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana. Unajua Kiingereza?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha... chai, mzee."

"Mimi nilikuwa karani bandarini miaka mingi, naandikiana barua na Wazungu. Nimekuwa nasikiliza tangu mwanzo. Kule kivukoni yule mwanamke amesema, 'Hata jina lako silijui.' Sasa niambie, dada gani huyo asiyejua jina la kaka yake?"

Nikaitazama runinga, kana kwamba yule mwanamke angenijibia.

"Na yule uliyemwita mjomba amemwita mke wangu. Mara tatu."

"Mara tatu, mzee?"

"Mara tatu. Filamu ina mke, mume, na mtu wa pembeni. Ni dhambi, lakini ni dhambi inayojulikana, hata kwenye Biblia imo. Haina dada. Haina mjomba. Wale ni watu wazima wasiojuana hata majina. Ni wewe uliyewafanya ndugu, mbele ya mkwe wangu, kwa kipaza sauti. Sasa baina yako na hiyo filamu, mchafu ni nani?"



Halafu Shangazi akapasuka. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka, mpaka benchi likalia, anajipiga mapaja: "Wanasalimiana begani! Wanapeana kwa zamu! Mana yanje, Mungu wangu, nitakufa Bangwe!" Muuza samaki akamfuata. Wateja wote wakafuata. Uani nako nikasikia mtu anacheka kwa kujiziba mdomo.

Mama Bahati akachungulia nyuma ya kitenge.

"Wameshavaa," akatangaza.

"Basi fungua," Mzee akasema, akarudi kukaa. "Nilisema nitaona mpaka mwisho. Na wewe kijana, weka hicho chombo chini."

Nikaweka. Nikakaa sakafuni. Na kwa mara ya kwanza maishani nikaangalia ile filamu.

Sikilizeni sasa, hapa sifanyi utani sana. Kuna sehemu karibu na mwisho fundi anamfuata tena yule mwanamke, sokoni, kwenye ngazi, stesheni, dakika kama kumi na mbili, bila mtu kusema neno. Hata moja! Miaka yote hii mimi niliijua sehemu hiyo imejaa maneno, kwa sababu Profesa alikuwa anaijaza: "Dada, ngoja! Kaka, uko wapi?" Kumbe ni kimya kitupu, na viatu. Banda zima liliacha kupumua. Mzee alikuwa anamtafsiria Shangazi kwa mnong'ono, na alipofika hapo naye akanyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri. Tukaona mwanamke anageuka kidogo, anatabasamu, anasonga mbele. Tangu siku ya kwanza alijua anatazamwa. Alikuwa anatafuta shahidi wa kuuamini uongo wake, na mjinga wa mnarani ndiye aliyemchagua. Nywele zilinisimama.

Kwa hiyo uamuzi wangu baada ya kuitazama upya, yaani kuitazama: mliosema ni wizi, bado nakataa, nendeni Kibirizi mkamuulize fundi mitumbwi. Mliosema ni filamu ya chumbani, samahani. Chumba kipo. Nimekiona, kwa kivuli cha tausi. Lakini bila hicho chumba fundi hana sababu ya kudanganyika, na sisi hatuna sababu ya kudanganyika naye. Profesa na mzee wa kanisa walipokiondoa waliniachia filamu nyingine, nzuri kwa mtoto. Nimeililia hiyo miaka ishirini. Siwezi kuwalaumu.

Ilipoisha hakuna aliyeinuka. Sote tulikuwa tunamsubiri Mzee.

"Shangazi," akaanza, "mwambie mkwe wetu..." Akavua kofia. "Hapana. Hili nitamwambia mwenyewe."

Akamgeukia Mama Bahati, akamtazama usoni.

"Mama, nilikuja na neno la kukataa mfukoni. Waliniambia banda hili lina uchafu. Nimeuona, dakika nne. Na nimemwona mwenye banda amesimama mbele yake na nguo yake ya mwilini. Hukukimbia. Hukumrushia huyu mpuuzi lawama, na ulikuwa na haki. Mwanamke anayesimama hivyo mbele ya aibu, binti yake namtaka nyumbani kwangu. Barua italetwa Jumapili."

Vigelegele vilianzia uani, vya mtu mmoja, kisha vikajaa bandani.

"Ila nina sharti," Mzee akaongeza, akanyoosha kidole bila hata kunitazama. "Siku ya harusi, huyu asikaribie kipaza sauti."

Nikaafiki kabla ya wengine.

Nilijua chumba sina. Nikachukua begi langu nikaanza kunyemelea mlango. Mama Bahati akanidaka shati.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Chumba kile cha pembeni. Ingia." Akanipa ufunguo. "Si kwa sababu umeniokoa, usijidanganye. Aibu kubwa kama hii siiachi itembee peke yake mjini. Ilale hapa, niione."

Ndiko niliko sasa, jua halijazama. Chumba ni kizuri, kina dirisha la ziwani na upepo kweli, na sahani ya migebuka aliyoileta Bahati mwenyewe. Aligonga, akaiweka mezani, akajitahidi sana kuniangalia kwa heshima, akasema, "Karibu chakula, kaka," na hilo neno kaka likamshinda katikati. Akakimbia.

Kwa hiyo nafuta kila nilichoandika asubuhi, na yule aliyeniuliza kama tuliangalia filamu moja, jibu ni hapana. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini kwa zamu tafadhali. Ukuta huu ni wa mbao, na upande wa pili Shangazi bado hajamaliza yake.